Maneno Yenye Mkia Mmoja

Mjukuu wangu alianza kidato cha kwanza akiwa anaishi kwangu, hapa Mwamkulu. Ni mtoto wa kwanza wa mwanangu wa kiume. Aliletwa kwangu alipoachishwa ziwa, mdogo wake alipokuwa tumboni, kama tunavyofanya sisi, na hakuondoka tena. Wazazi wake wanakaa mjini, Ilembo. Mwanangu anauza vipuri vya pikipiki na anajiona mtu wa mji kwa sababu ana kiti cha kuzunguka.

Shule ya msingi mtoto alisoma kwa Kiswahili, akafaulu. Alipofika sekondari mambo yakageuka. Mwalimu akiingia ni Kiingereza, akitoka ni Kiingereza, hata akikasirika. Mtoto akawa anarudi nyumbani kimya. Mimi simpendi mtoto kimya. Mtoto kimya ama anaumwa ama amevunja kitu.

Mwanangu akaja Jumapili moja kututembelea. Hajamaliza hata maji ya kunywa, akamwambia binti yake alete daftari. Akamuuliza neno la kwanza, akamuuliza la pili. Mtoto akasema usiku ni right na kulia ni night. Mwanangu akafunga daftari.

"Mayu," akaniambia, hivyo ndivyo wanangu wanavyoniita, "huyu shule ikifunga namchukua. Aje mjini."

"Mjini kuna nini?"

"Kuna watu wanaojua Kiingereza. Hapa atafundishwa na nani? Wewe?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Nilitolewa kwenda kuchunga, na sikulia, maana mwalimu wetu alikuwa na fimbo ndefu kuliko ya kuchungia. Kuandika naandika, polepole. Kiingereza sijui. Kwa hiyo mwanangu hakunitukana, alisema kweli, ila aliisema mbele ya mtoto, na mtoto akainamisha kichwa. Hapo ndipo aliponikera.

Nikamuuliza binti mwenyewe, "Wewe mke mwenzangu, unataka kwenda?"

Namwita hivyo toka mdogo. Babu yake alikuwa anamwita mke wangu, kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza, na tunagombana kama wake wenza.

"Sitaki," akasema, kwa sauti ya chini.

Nami sikutaka aende. Nalisema wazi, sina haja ya kuzunguka. Nyumba ya mtu mmoja hata moto wake hauwaki vizuri, na ukipika ugali wa mtu mmoja unatoka mgumu.

Nikamwambia mwanangu, "Mpe muda mpaka shule ifunge. Hayo maneno mliyoyafunga humo ndani ya daftari, akiyajua yote na maana zake, anabaki kwangu. Sawa?"

Akacheka. "Sawa, mayu. Lakini likimkwama hata moja, anafunga mzigo."

Akawasha pikipiki yake akaondoka, na mtoto akabaki anaangalia vumbi.

Kesho yake nikamwambia anionyeshe hayo maneno. Akafungua daftari, nikayaangalia kama ninavyoangalia mifugo sokoni, kichwani mpaka mkiani. Night. Light. Right. Fight. Tight. Sight. Bright. Flight. Might. Vichwa mbalimbali, mkia mmoja.

"Mbona hawa ni watoto wa mama mmoja?" nikasema.

"Ndiyo maana wananichanganya, bibi. Wanafanana."

"Na hizi herufi mbili za katikati, g na h, zinasema nini?"

"Hazisemi kitu. Hazitamkwi."

"Sasa zimekaa kufanya nini?"

"Mwalimu anasema zipo tu."

Nikaelewa. Kila msiba una wajomba wawili wanaokaa katikati ya mkeka, hawachimbi kaburi, hawabebi maji, lakini ukiwatoa watu watasema ukoo umeharibika. Nikamwambia aziache zikae.

Halafu nikamuuliza, "Wewe mbuzi wetu unawachanganya?"

"Hapana."

"Wengine ni mama mmoja, wamefanana masikio mpaka kwato. Mbona huwachanganyi?"

Akafikiri. "Kwa sababu nawajua tabia."

Kwetu, tulikotoka huko Usukuma na ng'ombe wa baba mkwe wangu, kila mnyama ana jina lake kwa rangi yake au tabia yake. Ng'ombe wenyewe walikwisha, wengine ugonjwa, wengine mahari za watoto, nimebaki na mbuzi. Lakini utaratibu haukwisha. Jioni ile tukasimama zizini, yeye anasoma neno na maana yake, mimi natafuta mbuzi wa kulibeba.

Night ni usiku. Hilo lilikuwa rahisi, tuna jike jeusi ambalo jioni huwezi kuliona mpaka likukanyage. Light ni mwanga, na pia ni kitu chepesi. Tukampa jike jeupe aliyekonda, akachukua maana zote mbili peke yake. Fight ni kupigana. Beberu akapewa, na hakuna aliyebisha. Flight ni kuruka angani. Tulikuwa na mmoja kijana asiyetambua kwamba miiba ya zizi ni kwa ajili yake. Tight ni kitu kilichobana, tukampa mwenye mimba, tumbo limekaza kama ngoma. Bright ni kung'aa, na pia ni mwenye akili. Kuna jike jekundu lenye manyoya ya kung'aa, linalofungua mlango wa jiko kwa pembe, na mlango huo huwashinda hata baadhi ya wageni.

Tukafika Sight. "Ni uwezo wa kuona," mtoto akasema.

Nikamwonyesha yule mwenye chongo.

"Bibi! Huyo haoni!"

"Ndiyo sababu hutasahau anachokosa."

Might tukagombana. Mtoto alisema ni nguvu, na pia ni huenda. Nikamwambia mwalimu wake amekosea, mwenye nguvu hasemi huenda. Akaapa kwamba ndivyo ilivyo. Basi tukampa dume kubwa lenye nguvu za kuvuta mti, ambalo jioni huenda litarudi, huenda halitarudi.

La mwisho lilikuwa Right, na hilo ndilo lililokuwa linamtesa. Lina maana tatu: sahihi, kulia, na haki. Tukampa mbuzi tuliyemhasi akiwa mdogo, mnene, mpole, mtaratibu kuliko shemasi.

Toka siku hiyo mbuzi wangu walifunguliwa kwa Kiingereza na kufungwa kwa Kiingereza. Nami nikaita. Ulimi wangu ulikataa mwanzoni, ukazoea. Asubuhi nasimama na fimbo, "Wewe Flight, shuka! Fight, mwache mwenzako! Night, uko wapi?" Mtoto akikosea jina, hamfungui mbuzi huyo mpaka aseme maana yake. Mbuzi asipofunguliwa analia, na kelele za mbuzi ni mwalimu mkali kuliko mimi.

Jirani yangu ni Mfipa, na sisi Wasukuma tunamhesabu mtani, kwa hiyo hana breki mdomoni. Akapitisha kichwa juu ya ua.

"Nyie, mbuzi wenu wamepata viza?"

"Wewe ulale na ulezi wako."

"Nauliza tu. Wangu bado wanaongea Kiswahili, nisije nikawaaibisha malishoni."

Lakini baada ya muda na yeye alinaswa. Siku moja alikuja mbio, kanga mkononi.

"Mama! Flight yako imetua kwenye karanga zangu!"

"Imetua saa ngapi?"

"Ilitua zamani, sasa hivi inakula! Na huyo Might naye yuko njiani!"

"Huenda akafika, huenda asifike."

"Msukuma wewe, mimi nakuambia habari za karanga!"

Nikaenda kuwatoa, nikampa debe la pumba kumtuliza. Njiani mtoto ananifuata anacheka mpaka anashika tumbo, na niliona amerudi kuwa mtoto wangu wa kawaida, mwenye makelele. Nikamgombeza ili asizidishe.

Shule ikakaribia kufunga. Hapo nikaanza kumfikiria mwanangu. Ni mtu mzuri, lakini ahadi yake ina magurudumu kama kile kiti chake. Niliona atakuja, mtoto atajibu yote, halafu atasema, "Sawa mayu, lakini," na hiyo lakini yake ndiyo itakayombeba mtoto. Nilihitaji mtu ambaye mbele yake mwanangu hawezi kusema lakini.

Mtu huyo ni mama mkwe wake.

Mkwe wangu huyo anakaa Sitalike, anauza samaki wakavu na vitunguu barabarani, na ana sauti ya kusimamisha basi. Ni bibi mzaa mama wa mtoto. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, wala hamtazami usoni. Akipita, mwanaume anasogea pembeni. Akisema, mwanaume anaitikia. Nikampigia simu, nikamwambia mkwe, njoo ushuhudie mtihani wa mjukuu wetu. Akasema anakuja bila hata kuuliza ni mtihani gani.

Nilijiona nina akili sana.

Asubuhi ya siku yenyewe nikakumbuka kwamba mkwe anapokuja hapewi mchicha. Ni lazima achinjiwe, na tena si mnyama wowote. Mkwe hapewi kilema, kwa hiyo Sight akapona. Hapewi mwenye mimba, Tight akapona. Hapewi jike la kuzaa, wala aliyekonda, na beberu ananuka hata ukimchemsha na majivu. Might hakurudi usiku ule. Flight alikuwa mdogo, nyama ya kugombaniwa. Akabaki mnene, aliyehasiwa, asiye na doa.

Mtoto nilimtuma mashineni kusaga mahindi. Nikamwita mzee mmoja Mwislamu wa barabara ya pili achinje, ili mgeni yeyote atakayepita ale bila wasiwasi. Kazi ikafanyika vizuri. Nawaambia kweli, wakati wote ule niliona mbuzi. Sikuona neno.

Mtoto akarudi na unga kichwani, akaona ngozi imetandazwa juu ya ua.

"Bibi. Umemchinja Right."

"Mkwe anakuja. Nimpe nini, ugali na herufi?"

Akatua unga. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kinu akatazama ukutani.

"Leo si ndiyo siku ya kuulizwa?" akasema.

Hapo ndipo nilipoliona neno. Lakini nyama ilikuwa imeshakatwa, na nyama iliyokatwa hairudi zizini. Nikamwambia afute uso, achukue kisu, amenye vitunguu. Vitunguu vina heshima, ukilia hakuna anayekuuliza.

Mchana wakafika. Mkwe nikamkalisha jikoni, kwenye kigoda karibu na mlango, na sahani yake. Mwanangu akakaa nje barazani, ameupa mgongo mlango, amekunja miguu kama mtoto wa madrasa. Hivyo wakawa wanasikilizana bila kuonana. Mtoto akasimama katikati ya uwanja. Jirani yangu Mfipa naye akapata kazi ya ghafla ya kufagia upande wa ua uliokuwa safi.

Nikasema kwa sauti ili jikoni isikike, "Baba, rudia masharti."

"Mayu, tunayajua."

"Rudia. Mkwe hakuwepo."

Akakohoa. "Akijua maneno yote na maana zake, anabaki hapa. Likikwama moja, nakwenda naye mjini."

"Nimesikia, baba," sauti ikatoka jikoni.

"Ndiyo, mama," mwanangu akasema, akainama bila kugeuka.

Akafungua daftari. Fight? Kupigana. Night? Usiku. Bright? Kung'aa, na pia mwenye akili. Flight? Kuruka angani, na jirani akaongeza kutoka uani, "Na kutua kwenye karanga." Nikamtupia jicho. Tight, Light, Sight, yote yakapita. Might akatoa maana zote mbili, nguvu na huenda, na mwanangu akainua nyusi. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko bila kupika kitu.

"Right?"

Mtoto akatazama zizi.

"Right," mwanangu akarudia.

Mtoto akatazama ngozi juu ya ua. Halafu akatazama mlango wa jiko, akanyoosha kidole.

"Yumo kwenye sufuria," akasema.

Jikoni nilisikia mfupa ukirudishwa kwenye sahani.

"Baba," mkwe akaita, "mtoto ameulizwa nini?"

"Maana ya right, mama."

"Amejibu nini?"

Mwanangu akaniangalia mimi, nami nikaangalia mwiko.

"Amesema... amesema yumo kwenye sufuria, mama."

"Hii hii ninayokula?"

"Sijui, mama."

"Ni hiyo hiyo, bibi," mtoto akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka wazi. "Ndiye alikuwa anaitwa hivyo."

Mwanangu akafunga daftari. Sura yake haikuwa ya kushangilia, na hilo nilimhesabia. "Basi, mayu," akasema polepole. "Limekwama. Mimi simuonei, ni mtoto wangu, nataka asome." Akamwambia binti yake, "Kafunge nguo zako, mama."

Mtoto hakusogea. Nilikuwa nimewaalika watu wote hawa, nimechinja, nimepika, na nimelipika neno la tisa kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ngoja kwanza, baba," mkwe akasema kutoka jikoni. "Mimi siwezi kuendelea kula kitu nisichokijua. Wewe mjukuu, huyu wa kwenye sufuria alikuwa mtu gani?"

Mtoto akafuta pua kwa mkono. "Alikuwa mzuri."

"Wazuri wengi. Eleza."

"Jioni wenzake wakiingia kwenye mpunga wa watu, yeye anapita njia yake. Hafuati wenzake kwenye makosa."

"Eh. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni sahihi."

"Endelea."

"Akiingia zizini analala kulia kwa mlango. Ukimhamisha kushoto anasimama usiku mzima. Kwa hiyo ni kulia." Akavuta pumzi. "Na ukigawa pumba, ukimpa mwenzake fungu lake, anakuja mpaka mlangoni kwa bibi anagonga kwa kichwa mpaka apewe. Hapigani. Anadai tu kilicho chake. Kwa hiyo ni haki."

Uani ufagio ulikuwa umesimama.

"Masikini," mkwe akasema. "Na mimi nimeshamaliza paja lake." Halafu nikasikia anatafuna tena, maana nyama ni nyama. "Baba, hizo maana ziko ngapi kwenye daftari lako?"

Mwanangu akafungua. "Tatu, mama."

"Ametoa ngapi?"

"Tatu. Lakini, mama..."

"Lakini?"

Neno hilo moja lilikuwa tamu kuliko mchuzi. Mwanangu akatazama miguu yake.

"Hapana, mama. Nilitaka kusema tu kwamba kwenye chumba cha mtihani hakuna mbuzi."

Na hapo alisema la maana, lazima nikubali. Mkwe naye akakubali. "Hilo ni kweli, baba. Na Kiingereza hakina maneno tisa tu."

"Ni mengi sana, mama."

"Basi abaki kwa bibi yake kama mlivyokubaliana, na Jumamosi umfuate umpeleke mjini akasome na hao wanaojua, jioni umrudishe. Pikipiki si unayo? Na kila shule ikifunga aulizwe maneno mapya, hapa hapa, mbele yangu. Akishindwa, mimi mwenyewe nitamfungia mzigo."

"Sawa, mama," mwanangu akasema. Akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba." Machozi yalikuwa hayajakauka na ameshaanza kucheka. Akakimbilia jikoni kumsalimia bibi yake wa pili vizuri, maana hata shikamoo alikuwa ameitoa nusu.

Mimi nilibaki uwanjani nafanya hesabu. Kila shule ikifunga, mkwe atakuja. Kila mkwe akija, ni lazima achinjiwe, mnene, asiye kilema, asiye na mimba. Sikuwa nimepata mtoto bure. Nimempata kwa mbuzi, tena kwa awamu.

"Mkwe, umesikia?" sauti ikaniita kutoka jikoni. "Nitakuwa nakuja!"

"Karibu sana, mkwe," nikasema. Ningesema nini?

Jioni, walipokwisha kuondoka, mimi na mtoto tulisimama zizini. Might alikuwa amerudi mwenyewe, hana habari. Mtoto alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, amekunja uso kama mnunuzi.

"Bibi, safari ijayo tuchinje Fight."

"Beberu ananuka. Mkwe atakataa."

"Tumhasi kuanzia sasa, harufu itakwisha. Na neno lake mimi siwezi kulisahau, jana tu amenipiga kiunoni."

Nikamwangalia yule beberu. Mimi amenipiga mara nyingi kuliko yeye.

"Kalete kamba," nikamwambia.